KIPIMA UNYEVU CHA MAJENGO: NAMNA YA KUKICHAGUA NA KUKISOMA

Kila masika yanapopita, afisi za Serikali zilizomo ndani ya majengo ya kale, pamoja na wakaazi wa nyumba za mawe na chokaa za Unguja na Pemba, hukabiliwa na tatizo lile lile. Kuta hubadilika rangi, lipu hufura na kuanguka, majalada huota kuvu, na harufu ya uvundo huingia hata katika nguo zilizofungiwa kabatini. Siku hizi vipima unyevu vidogo vya mkononi hupatikana madukani bila ya taabu kubwa, na wengi huuliza kipi kinunuliwe. Makala haya yanakusudia kuwaeleza wakuu wa idara, maafisa matengenezo na wananchi kwa jumla jinsi vyombo hivyo vinavyofanya kazi, kipi kinayafaa majengo yetu, na, jambo lililo muhimu kuliko yote, nini maana ya tarakimu inayojitokeza kwenye kioo chake.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba tarakimu hiyo ikisomwa vibaya inaweza kulidhuru jengo zaidi kuliko unyevu wenyewe. Tuchukue mfano. Ukuta wa mawe ya matumbawe unaguswa kwa kipimo, taa nyekundu inawaka, na kioo kinaandika asilimia 40. Mkuu wa afisi anaamini kwamba karibu nusu ya ukuta ni maji. Fundi anaitwa, chokaa ya zamani inabanduliwa yote, na mahali pake inapigwa lipu ya saruji ili "kuyazuia maji". Kwa miezi michache ukuta unapendeza. Lakini saruji haipumui kama chokaa. Unyevu uliokuwa ukitoka nje taratibu sasa umezibiwa njia, unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inakusanyika nyuma ya lipu mpya na kuyamung'unya mawe na udongo wa ndani. Baada ya misimu michache lipu inaanguka kwa vipande vikubwa, na ukuta uliokuwa na maradhi madogo sasa una maradhi makubwa. Fedha zimetumika na chombo kimelaumiwa, hali ya kuwa chombo hakikusema uongo. Kilichokosekana ni mtu wa kukielewa.

Wakaazi wa Mji Mkongwe wanaelewa vyema kwamba suala hili si la rangi ya ukuta tu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Sababu za ajali ile si jambo la ukurasa huu, wala haifai kuzifunga zote katika neno moja la unyevu. Hata hivyo ni ukumbusho wa namna nyumba zetu zilivyojengwa: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, aghalabu nusu mita au zaidi, na juu yake sakafu nzito za zege la chokaa zilizobebwa na boriti za mikoko. Vichwa vya boriti hizo vimezama ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Boriti inapooza, huanzia hapo kichwani, na mara nyingi sehemu inayoonekana darini hubaki ngumu na safi mpaka siku ya mwisho.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kununua kipimo ajiulize kwanza anataka kujua nini. Iwapo anataka kujua kama boriti zake ziko salama, kipo chombo kinachoweza kumjibu vizuri. Iwapo anataka kujua ukuta wa matumbawe una maji kiasi gani, hakuna chombo cha mkononi kitakachomjibu kwa tarakimu ya kuaminika, hata kiwe cha bei kubwa namna gani.

Vipima unyevu vya mkononi ni vya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ina sindano mbili za chuma. Sindano hizo huchomwa katika kitu kinachopimwa, mkondo mdogo wa umeme hupita kati yake, na chombo hupima ukinzani wa njia hiyo. Mti mkavu hauruhusu umeme kupita kwa urahisi. Mti uliorowa huruhusu. Aina ya pili haina sindano. Ina bamba nyuma yake linalobandikwa juu ya uso wa ukuta au mbao, na chombo hutambua namna kitu kilicho chini ya bamba kinavyoathiri umeme unaotoka humo. Aina hii haiachi tundu, na ndiyo inayofaa kwa milango ya nakshi. (Isitokee kabisa mtu akachoma sindano katika mlango wa nakshi kwa ajili ya kupima unyevu.) Lakini bamba huona sentimita mbili hadi nne tu kwenda ndani, na linahitaji uso ulionyooka. Ukuta wa chokaa wenye mabonde na vilima huacha hewa kati ya bamba na lipu, na chombo kitaripoti ukavu ambao haupo. Hali kadhalika, wavu wa chuma au nondo iliyofichwa chini ya lipu hukifanya kiripoti maji mengi pasipo na tone.

Vyombo vya aina zote mbili kwa kawaida huwekewa kipimo cha asilimia kwa ajili ya mti, na aghalabu ni miti laini ya nchi za baridi. Hapa ndipo panapozaliwa makosa mengi. Asilimia inayoandikwa ni uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa mti mkavu. Sindano zikitiwa katika ukuta, chombo hakijui kwamba kimetolewa kwenye mti. Hupima ukinzani kama kawaida, kisha huandika asilimia ambayo mti ungekuwa nayo lau ungepitisha umeme kiasi kile. Ile asilimia 40 ya mfano wetu haikuwa asilimia 40 ya kitu chochote kilichomo ukutani.

Kwa upande wa mti, sindano ndizo zinazoaminika zaidi, na husoma vizuri kuanzia takriban asilimia 7 hadi karibu na asilimia 30. Zaidi ya hapo tarakimu haina maana kubwa isipokuwa kusema kwamba mti umerowa. Inafaa kukumbuka kanuni ya wahandisi: mti uliobaki chini ya asilimia 20 hauozi kwa kuvu, na mti uliokaa karibu na asilimia 30 kwa muda mrefu uko katika hatari kubwa. Kati ya viwango hivyo panahitaji kuchunguzwa na kurejewa.

Wakati huo huo tusisahau hewa ya kwetu. Vyombo vingi vina taa za kijani, manjano na nyekundu, na taa ya manjano huanza kuwaka kwenye asilimia 16 au 17 hivi. Katika nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi, mti wenye asilimia 17 unastahili kutiliwa shaka. Kwetu sivyo. Unyevu wa hewa unapofika asilimia 80, jambo la kawaida katika visiwa vyetu, mti mzima usioguswa na tone la mvua hutulia wenyewe kwenye asilimia 15 au 16, na katika siku nzito za masika hupanda zaidi ya hapo. Afisa atakayeandika ripoti ya hatari kila aonapo taa ya manjano ataandika ripoti za hatari kwa nyumba zote za Mji Mkongwe, na baada ya mwezi hakuna atakayezisoma. Aidha, joto huongeza tarakimu. Vyombo vingi vimesahihishwa kwa nyuzi joto 20, na kwa kila nyuzi 10 zaidi husoma takriban asilimia moja juu ya ukweli. Mikoko nayo mara nyingi haimo katika orodha ya miti inayokuja pamoja na chombo. Kwa hiyo atakayepima boriti apime kwanza boriti moja ya ndani, iliyo mbali na kuta za nje, vyoo na milizamu ya paa, ambayo haina shaka yoyote, na tarakimu yake ndiyo iwe kipimo cha kulinganishia nyengine zote katika nyumba hiyo.

Sindano fupi za milimita 10, ambazo ndizo zinazokuja na vyombo vingi, hazitoshi kwa boriti. Huona ngozi ya mti tu. Mnunuzi aulizie sindano ndefu zenye kugongwa kwa nyundo, ambazo zimefunikwa kwa kizuizi cha umeme mwili mzima isipokuwa nchani, ili kinachosomwa kiwe ni kile kilichopo ncha ilipofika na si unyevu wa juu. Boriti ipimwe karibu kabisa na ukuta, kisha nusu mita kutoka hapo, kisha katikati ya chumba. Iwapo katikati ni 15, nusu mita ni 16 na ukutani ni 27, hakuna haja ya mjadala: maji yanaingia kwenye kichwa cha boriti, na kinachofuata ni kupanda juu kutazama paa, mlizamu au choo cha ghorofani. Kwa maoni ya mwandishi, kazi hii peke yake inatosha kuhalalisha gharama ya chombo.

Ukuta ni habari nyengine, na adui wake mkubwa katika kupima ni chumvi. Majengo yetu yamejengwa kwa mawe yaliyotoka baharini au karibu na bahari, na pengine kwa mchanga wa pwani usiooshwa. Upepo wa kusi na kaskazi huongeza chumvi kila siku, na makaro ya zamani yaliyochimbwa karibu na misingi huongeza chumvi za aina nyengine. Chumvi hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, hupitisha umeme, hivyo ukuta wenye chumvi na maji kidogo utasomeka sawa na ukuta usio na chumvi wenye maji mengi. Pili, chumvi huvuta maji kutoka hewani. Kila mama wa nyumba anajua jinsi chumvi ya jikoni inavyolowa kibakulini wakati wa mvua bila ya kumwagiwa maji. Ukuta uliojaa chumvi hufanya vivyo hivyo: hurowa siku za unyevu na kukauka siku za kaskazi kavu, hata kama hakuna maji yanayopanda kutoka chini wala yanayovuja kutoka juu. Kipimo cha mkononi hakiwezi kuitenganisha hali moja na nyengine.

Pamoja na upungufu huo, chombo hakikosi faida ukutani, ila kitumiwe kwa kulinganisha. Pimeni ukuta kwa mistari kuanzia sakafuni kwenda juu, mathalan kila baada ya sentimita 25 hadi kufika mita 2, na mziandike tarakimu kama alama tu, bila ya neno asilimia. Mchoro utakaopatikana husema mengi. Alama zinazoanza juu chini ya ukuta na kupungua kwa ghafla kwenye urefu wa mita moja hivi huashiria maji ya ardhini. Doa lenye alama kubwa katikati na ndogo pembeni huashiria uvujaji wa bomba au mlizamu. Alama zinazofanana kila pahali huashiria hewa au chumvi. Katika afisi zenye viyoyozi liko jambo jengine la kuangaliwa: chumba kikipozwa mno, ukuta wake hupoa hadi upande wa pili, na hewa ya moto yenye unyevu kutoka ukumbini hutona juu yake kama inavyotona juu ya gilasi ya maji baridi. Tumeona watu wakilaumu paa kwa kosa la kiyoyozi.

Kwa hali hiyo ya mwisho, kipo kipimo kisichogharimu chochote. Kata kipande cha nailoni nzito cha ukubwa wa karatasi ya afisi, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipenye hewa, na ukiache siku moja au mbili. Maji yakionekana juu ya nailoni, yametoka hewani. Yakionekana nyuma yake, yametoka ukutani. Mwananchi asiye na uwezo wa kununua chombo aanze na hili.

Panapotakiwa jibu la uhakika kabla ya kutumia fedha za umma, hapana budi kuchukua sampuli. Ukuta utobolewe taratibu kwa keekee, kwani ikizunguka kwa kasi hupata moto na kuikausha sampuli. Unga wa sentimita ya mwanzo utupwe, na unaofuata utiwe mara moja ndani ya chupa inayofungwa vizuri. Njia ya haraka ya kuupima ni chupa ya kabaidi, ambayo wahandisi wa barabara wameizoea kwa kupimia udongo. Unga wa sampuli huchanganywa ndani ya chupa ya chuma na unga wa kabaidi, ile ile iliyokuwa ikitiwa katika taa za zamani za karabai. Maji ya sampuli huifanya itoe gesi, na saa iliyoko kwenye kizibo huonesha msukumo wa gesi hiyo kama kiasi cha maji. Chumvi haikidanganyi kipimo hiki kwa njia ya umeme, kwa kuwa hakitumii umeme. Lakini gesi hiyo ndiyo ya kuchomelea vyuma, na chupa ifunguliwe nje, mbali na moto na sigara.

Njia ya uhakika zaidi ni mizani na tanuri. Sampuli hupimwa uzito, hukaushwa kwa nyuzi joto 105 mpaka uzito usibadilike tena, kisha hupimwa mara ya pili. Tuseme ilikuwa gramu 54 na imekuwa gramu 50: maji yalikuwa gramu 4, yaani asilimia 8 ya uzito mkavu. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo inapofaa kuendelea hatua moja. Sampuli hiyo kavu itandazwe katika kisahani na kuwekwa ndani ya chombo kinachofungwa, pembeni mwa bakuli lenye uji mzito wa chumvi ya kawaida na maji. Maji yaliyoshiba chumvi huifanya hewa ya ndani ya chombo ibaki kwenye unyevu wa asilimia 75, bila ya mashine yoyote. Baada ya siku kadhaa, uzito utakapoacha kuongezeka, ipimwe tena. Ikiwa imerudi hadi gramu 53.5, basi karibu maji yote yaliyokuwemo yaliweza kuvutwa na chumvi kutoka hewani, na kutafuta mahali panapovuja ni kupoteza wakati. Dawa ya ukuta huo ni kuondoa lipu iliyooza kwa chumvi na kupiga nyengine ya chokaa, na kukubali kwamba baada ya miaka italazimu kurejewa. Ikiwa imefika gramu 50.5 tu, maji yanatoka pahali, na pahali hapo patafutwe na pazibwe kabla ya fundi yeyote kushika mwiko.

Kwa idara inayotaka kununua, ushauri ni huu. Nunueni chombo cha sindano chenye kutenganisha wazi kipimo cha mti na kipimo cha alama kwa vifaa vyengine, kinachoruhusu kuunganishwa sindano ndefu za nyundo, na chenye kipande cha kujaribia ambacho huthibitisha kwamba chombo bado kinasoma sawa. Kipande hicho ni kidogo na muuzaji anaweza kusahau kukitoa. Kidaini, kwa sababu katika hewa yetu ya chumvi sindano na viungio huota kutu mapema. Dai pia sindano za akiba. Chombo kinachounganisha sindano na bamba pamoja si kibaya, ila kisinunuliwe kwa ajili ya wingi wa taa na kumbukumbu zake. Kamera ya kuonesha joto ni msaada mzuri kwa kutafutia mahali penye baridi, lakini haioni maji, na haichukui nafasi ya kipimo. Vile vile, vipimo vya nafaka au karafuu vilivyomo katika baadhi ya maghala havifai kabisa kwa ukuta wala boriti, na visiazimwe kwa kazi hii. Afisi yenye tatizo la majalada kuota kuvu pengine haihitaji kipima unyevu cha ukuta hata kidogo; inahitaji kipimo cha unyevu wa hewa, na njia ya kuuweka chini ya asilimia 65.

Kila jengo liwe na daftari lake. Ndani yake ziandikwe tarehe, saa, hali ya hewa, chombo kilichotumika, jina la mpimaji na mahali palipopimwa, pamoja na mchoro mdogo wa ukuta au dari. Upimaji ufanywe mahali pale pale na kwa chombo kile kile mwezi wa Februari kabla ya masika, mwezi wa Juni baada yake, na tena vuli itakapokwisha. Tarakimu moja ya siku moja haina uzito mkubwa. Boriti iliyosoma 18 mwaka jana na 23 mwaka huu, katika mwezi ule ule, ina jambo la kueleza, na mpimaji atakayehamishwa kituo amkabidhi mwenzake daftari pamoja na chombo.

Wakaazi wanaoishi chini ya sakafu za boriti wasisubiri chombo pale wanapoona dari imeinama, ufa mpya umefunguka pembeni mwa boriti, au unga wa mti unadondoka. Wahame chumba hicho na watoe taarifa siku hiyo hiyo. Kwa nyumba zilizomo ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, taarifa ipelekwe kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ambayo pia ndiyo inayoombwa kibali kabla ya kubandua lipu, kubadilisha boriti au kufanya matengenezo mengine ya jengo. Muombaji aambatanishe na ombi lake nakala ya kurasa za daftari la upimaji, iwapo analo.